Bei ya kaboni na biashara ya vibali vya gesijoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja "biashara ya kaboni" Katavi au Kwale, msikilizaji anafikiria msitu: kijiji kinatunza miti, mgeni analipa. Ukiitaja Leipzig, Ujerumani, mtu anafikiria mnada ambako wenye mitambo ya umeme na viwanda vya chuma hununua ruhusa ya kutoa moshi. Ni mambo mawili yaliyopewa jina moja, na kuchanganyikiwa huko kumewagharimu watu fedha na ardhi. Ndiyo maana majibu haya yanaanza mbali, kwenye viwanda vya Ulaya, kabla ya kufika kwenye mikoko yetu.

Hewa inauzwaje?

Hewa yenyewe haiuzwi. Kinachouzwa ni karatasi, na siku hizi si karatasi bali namba kwenye daftari la kompyuta, inayohusu tani moja ya hewa ukaa, gesijoto kuu, yaani gesi inayoongeza joto la dunia. Karatasi hizo ni za aina mbili.

Ya kwanza ni kibali. Serikali inasema mwaka huu viwanda vyote kwa pamoja visitoe zaidi ya tani kadhaa, kisha inatoa vibali vya idadi hiyo hiyo. Kila tani inayotoka kwenye dohani lazima ilipiwe kibali kimoja, na kibali kikishatumika kinafutwa.

Ya pili ni hati ya punguzo. Mtu aliye nje ya mpango huo anadai kwamba kwa juhudi zake tani moja haikutoka, au imenyonywa na miti. Mkaguzi akikubali, anapewa hati ya kuuza.

Kibali kinatokana na kikomo. Hati inatokana na dai: "bila mimi hali ingekuwa mbaya zaidi." Vyombo vya habari vingi huziita hati hizi "mikopo ya kaboni", jina linalopotosha, kwa sababu hakuna aliyekopeshwa na hakuna atakayerudisha. Hapa nitasema kibali na hati, na nitashikilia tofauti hiyo hadi mwisho.

Tani moja ni kiasi gani hasa?

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ni kama lita 435. Bodaboda inayojaza lita kumi kila inapoingia sheli itafikisha tani yake ya kwanza baada ya kujaza mara arobaini na kitu. Na kama tani ingetozwa dola 50, bei ya lita moja ya petroli ingepanda kwa senti kumi na moja hadi kumi na mbili za dola. Ikumbuke hesabu hii kila unaposikia mtu akisema kodi ya kaboni "itaua uchumi" au, kinyume chake, kwamba "haitaonekana kabisa". Itaonekana. Nani ataiona zaidi, hilo ni swali jingine, na limejibiwa hapo chini.

Kodi ya kaboni na soko la vibali vina tofauti gani?

Kwenye kodi, serikali inapanga bei na kuacha kiasi cha moshi kijipange chenyewe. Kwenye soko la vibali, inapanga kiasi cha moshi na kuacha bei ijipange. Basi.

Finland ilikuwa ya kwanza kuweka kodi ya kaboni, mwaka 1990. Sweden na Norway zilifuata mwaka 1991. Sweden ilianza na krona 250 kwa tani, ikapandisha polepole mwaka baada ya mwaka, huku ikipunguza kodi nyingine, na leo kiwango chake kimepita euro 100. Matokeo yake yanaonekana kwenye nyumba za watu: upashaji joto uliotegemea mafuta umehamia kwa sehemu kubwa kwenye mabomba ya maji moto ya mji mzima, yanayochemshwa kwa mabaki ya mbao na taka. Hakuna aliyeamriwa kufanya hivyo. Mafuta yaligeuka ghali, na watu wakapiga hesabu.

Soko la vibali linafanyaje kazi kiwandani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna viwanda viwili vya saruji, na kila kimoja hutoa tani 100,000 kwa mwaka. Serikali inaweka kikomo cha tani 160,000 kwa viwili vyote, na kila kimoja kinapata vibali 80,000.

Kiwanda cha kwanza kina tanuri la kizamani. Kikilibadilisha, kinapunguza moshi kwa euro 20 kwa kila tani. Cha pili kina mitambo mipya, kimeshafanya yote yaliyo rahisi, na sasa kila tani ya ziada itakigharimu euro 90. Bei ya kibali sokoni ni euro 50.

Cha kwanza kinapunguza tani 40,000 badala ya 20,000, kwa gharama ya euro 800,000, kisha kinauza vibali 20,000 vilivyobaki na kupata euro milioni moja. Cha pili kinanunua vibali hivyo kwa milioni moja badala ya kutumia milioni 1.8 kupunguza chenyewe. Moshi umepungua kwa tani 40,000 kama ilivyotakiwa. Kama kila kimoja kingelazimishwa kupunguza sehemu yake, gharama ya jumla ingekuwa euro milioni 2.2. Kwa biashara hii imekuwa laki nane.

Hiyo ndiyo hoja nzima ya wachumi, na ni hoja nzuri. Lakini angalia kilichoifanya ifae: ile 160,000. Serikali ingetoa vibali 200,000, viwanda vyote viwili vingekaa kama vilivyo, kibali kisingekuwa na bei, na kusingekuwa na cha kuuziana.

Wazo hili lilitoka wapi?

Mchumi Mwingereza Arthur Pigou aliandika mwaka 1920 kwamba anayewaletea wengine hasara asiyoilipia atozwe kodi inayolingana nayo. Mwaka 1968 John Dales wa Kanada alipendekeza haki za kuchafua zinazoweza kuuzwa. Marekani ilijaribu wazo la pili kwa mafanikio makubwa dhidi ya mvua ya tindikali: sheria ya mwaka 1990, biashara ya vibali vya dioksidi ya salfa kuanzia 1995, na moshi huo ukapungua kwa gharama ndogo kuliko ilivyotabiriwa. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto, ikauingiza mfumo huo kwenye tabianchi.

Soko la Ulaya lilifaulu au lilishindwa?

Yote mawili, kwa zamu, na ndiyo maana linafaa kusomwa kuliko mengine.

Lilifunguliwa mwaka 2005. Nchi ziliachiwa kupendekeza zenyewe idadi ya vibali vya viwanda vyao, na kila serikali ikawaonea huruma wenye viwanda wake. Mwaka 2006 takwimu zilizohakikiwa zilipotoka, ikabainika kwamba vibali vilivyogawiwa vilizidi moshi uliotoka. Bei iliyokuwa karibu euro 30 ilianguka kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi, na kufika mwaka 2007 kibali hakikuwa na thamani hata ya peremende, kwa kuwa soko liliendeshwa kwa awamu, na vibali vya awamu ya kwanza havikuruhusiwa kutumika awamu iliyofuata.

Awamu ya pili ilikutana na mdororo wa uchumi wa mwaka 2008. Viwanda vilizalisha kidogo, vibali vikabaki ghalani, na juu yake zikamiminika hati za bei nafuu kutoka nchi zinazoendelea. Mwaka 2013 kibali kilishuka chini ya euro 5. Kwa bei hiyo hakuna mwenye mtambo wa makaa ya mawe atakayekosa usingizi.

Wezi nao hawakulala. Kwa kuwa kibali kinavuka mpaka kwa kubofya tu, makundi ya kihalifu yalinunua vibali nchi moja bila kodi ya ongezeko la thamani, yakaviuza nchi nyingine kwa bei yenye kodi ndani yake, kisha yakatoweka na kodi hiyo. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilikadiria mwaka 2009 kwamba hazina za Ulaya zilipoteza takriban euro bilioni 5. Januari 2011 vibali viliibwa kwenye madaftari ya kompyuta, na biashara ya papo kwa papo ikasimamishwa kwa muda.

Wengi wakasema mradi umekufa. Kilichoufufua ni uamuzi mgumu wa kisiasa: kuondoa vibali sokoni. Kwanza minada ya vibali milioni 900 iliahirishwa. Mwaka 2019 ukaanza mfumo wa akiba unaonyonya ziada kila mwaka bila kusubiri mjadala mwingine. Kisha mageuzi ya mwaka 2023 yakaamua kwamba kufikia 2030 moshi wa sekta zinazohusika uwe chini kwa asilimia 62 ukilinganisha na 2005, na kikomo kiwe kinashuka kwa asilimia 4.3 kila mwaka kuanzia 2024. Bei ilivuka euro 50 Mei 2021, na Februari 2023 ikagusa 100. Anayetoa tani bila kibali hutozwa faini ya euro 100, inayopandishwa kulingana na mfumuko wa bei, na bado anadaiwa kibali chenyewe. Faini hiyo haimnunulii msamaha.

Kufikia mwaka 2023, mitambo ya umeme na viwanda vilivyo ndani ya soko vilikuwa vimepunguza moshi kwa takriban asilimia 47 tangu 2005. Si yote ni kazi ya soko: ruzuku za upepo na jua zilichangia sana, na viwanda vingine vilifungwa tu. Lakini kuanguka kwa makaa ya mawe katika umeme wa Ulaya kusingekwenda kwa kasi ile bila bei hiyo. Mimi naamini hivyo, na sababu yangu ni moja: makaa yaliendelea kuungua vizuri kabisa kibali kilipokuwa euro 5.

Mbona viwanda vilipewa vibali bure?

Kwa hofu ya kwamba vitahamia nchi zisizotoza. Hofu hiyo ina ukweli kwa chuma na saruji, lakini umeme wa Ujerumani hauwezi kuhamia Uturuki. Makampuni ya umeme yalipewa bure pia mwanzoni, yakapandisha bei kwa wateja kana kwamba yamenunua, yakatia faida mfukoni. Lilikuwa jambo la aibu. Tangu 2013 wazalishaji wa umeme wananunua mnadani, isipokuwa baadhi yao katika nchi chache za mashariki ya Ulaya, na viwanda vingine vinapunguziwa vya bure hatua kwa hatua.

Minada hiyo imeshaziingizia serikali za Ulaya zaidi ya euro bilioni 200 tangu 2013.

Kwa nini wananchi huichukia kodi ya kaboni?

Kwa sababu mara nyingi wanaletewa makato kabla ya manufaa. Ufaransa ilikuwa na kodi ya euro 44.6 kwa tani mwaka 2018, na ilipangwa kupanda Januari iliyofuata. Novemba watu waliovaa vizibao vya njano walijaza mizunguko ya barabara. Walikuwa watu wa miji midogo wasio na treni, wanaoendesha gari la dizeli kwenda kazini kwa sababu hakuna njia nyingine, na mwaka huo huo walikuwa wameona kodi ya utajiri ikiondolewa. Serikali ilisalimu amri, na kiwango kikaganda palepale. Ukiniuliza, wale watu hawakuwa wakipinga tabianchi. Walikuwa wakiuliza kwa nini zamu ya kulipa inaanza kwao.

Kanada ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo: fedha nyingi za tozo ya mafuta zilirudishwa kwa kaya kila baada ya miezi mitatu. Watu wengi hawakuyaona malipo hayo au hawakuyahusisha na tozo, ambayo waliiona kila walipojaza mafuta. Tozo hiyo ikaondolewa tarehe 1 Aprili 2025, ingawa viwanda vikubwa vinaendelea kutozwa. Australia nayo ilianza Julai 2012 kwa dola zake 23 kwa tani, ikafuta Julai 2014 baada ya serikali kubadilika.

Sweden ilianza na kiwango cha chini, ikapunguza kodi nyingine, na mabomba ya maji moto yalikuwepo tayari. Mtu hulipa bila kinyongo kikubwa pale anapokuwa na njia ya kukwepa malipo kwa halali. Kodi ya dizeli mahali pasipo na basi haimwachii njia hiyo.

China je?

Ilifungua soko la taifa Julai 2021, likianza na makampuni zaidi ya 2,000 ya umeme, na kwa wingi wa moshi ndilo kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2025 likaongeza chuma, saruji na alumini. Kasoro yake ni kwamba limejengwa juu ya kiwango cha moshi kwa kila yuniti ya umeme. Umeme ukiongezeka, vibali navyo vinaongezeka.

Kuna nchi ya Afrika inayotoza kaboni?

Afrika Kusini, tangu tarehe 1 Juni 2019. Ilianza na randi 120 kwa tani na mwaka 2025 ikafika 236, lakini misamaha ya asilimia 60 hadi 95 imefanya wengi walipe sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kwa nchi ambayo umeme wake hutoka hasa kwenye makaa ya mawe, ni mwanzo wa tahadhari. Kwa dunia nzima, Benki ya Dunia ilihesabu mwaka 2025 kodi na masoko 80, yakigusa asilimia 28 ya gesijoto zote.

Nasikia Ulaya itatoza kaboni mpakani. Kahawa na maua yetu yatalipa?

Hapana. Mpango huo, ulioanza kwa taarifa tu Oktoba 2023 na unaodai malipo ya kweli kwa bidhaa zinazoingia kuanzia Januari 2026, unahusu chuma, saruji, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Kahawa, chai, maua, parachichi na korosho havimo. Afrika inayoumia zaidi ni ile inayouza alumini na chuma Ulaya, na Msumbiji imo.

Kuna njia nyingine inayotufikia moja kwa moja, nayo haizungumzwi sana: meli. Tangu 2024 meli kubwa, za tani 5,000 na zaidi za ujazo, zinazoingia bandari za Umoja wa Ulaya zimo kwenye soko la vibali. Meli ikitoka Mombasa au Dar es Salaam moja kwa moja kwenda Rotterdam, nusu ya moshi wa safari hiyo inahesabiwa. Mwaka wa kwanza asilimia 40 ya kiasi hicho ililipiwa, wa pili 70, na kuanzia moshi wa 2026 inalipiwa yote. Gharama hiyo huingizwa kwenye nauli ya kontena, na kontena la kahawa halina msamaha.

Kuna kifungu kimoja cha mpango wa mpakani ambacho wizara zetu za fedha zinapaswa kukisoma mara mbili: bei ya kaboni iliyolipwa nyumbani inapunguzwa kwenye malipo ya Ulaya. Kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha, nchi isiyotoza inaiachia Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, fedha ambazo zingebaki kwenye hazina yake.

Basi hati za misitu yetu zinaingia wapi? Ulaya inazinunua?

Soko la Ulaya la vibali halizipokei. Tangu 2021 hakuna hati ya nje inayokubaliwa mle. Kijiji kikiambiwa kwamba hati zake zitauzwa kwa bei ya Ulaya, kimedanganywa. Hati zetu huuzwa hasa kwenye soko la hiari: makampuni yanayotaka kusema yamefidia moshi wake, bila sheria kuyalazimisha. Bei huko ni ya mapatano, na mara nyingi ni sehemu ndogo ya bei ya kibali.

Hiyo haina maana kwamba hazina faida. Gazi na Makongeni, pwani ya Kwale, wamekuwa wakiuza hati za Mikoko Pamoja tangu 2013: hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Ni mradi mdogo. Lakini kamati ni ya wanakijiji wenyewe, na fedha zimeonekana kwenye maji ya bomba na madarasa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaiga, karibu na mpaka wa Tanzania. Upande wa Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu, wanalipwa kwa kulinda pori wanalowinda na kuchimba mizizi, na vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga shule na zahanati kwa mapato ya msitu.

Yaeda ndipo panaponigusa zaidi. Pale ardhi iliandikwa kwanza kwa jina la wenyewe, kaboni ikafuata.

Mbona basi hati zinashutumiwa kiasi hiki?

Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la hati lina tatizo la pekee: linahesabu kitu ambacho hakikutokea. Kusema "nimeokoa tani 1,000" ni kusema nilijua miti mingapi ingekatwa bila mimi. Anayekadiria ni mwenye mradi. Anayemlipa mkaguzi ni mwenye mradi. Mnunuzi naye anataka hati nyingi kwa bei ndogo. Kwenye meza nzima hakuna hata mmoja anayefaidika idadi ikiwa ndogo.

Mfano mbaya kuliko yote niujuao ulitokea chini ya Itifaki ya Kyoto. Viwanda vya gesi ya majokofu, vingi vikiwa China na India, vilipewa hati kwa kuteketeza gesi taka iitwayo HFC-23, ambayo tani yake moja huhesabiwa kuwa sawa na zaidi ya tani 10,000 za hewa ukaa. Hati zikawa na thamani kubwa kuliko gesi ya majokofu yenyewe, na ushahidi ukaonyesha kwamba baadhi ya viwanda vilizalisha taka zaidi ili viiteketeze. Ulaya ikazipiga marufuku hati hizo mwaka 2013.

Kuhusu majiko banifu, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability ulikuta kwamba miradi iliyochunguzwa ilipewa hati karibu mara tisa ya punguzo la kweli. Makosa ni ya kawaida sana: mradi unadhani jiko jipya linatumika kila siku na mafiga yameachwa, wakati mama mwenye nyumba anatumia yote mawili, jipya kwa chai na mafiga kwa maharage. Kumuuliza yeye kungetosha.

Wageni wamekuja kijijini na mkataba wa kaboni. Tuulize nini?

Anzeni na ardhi. Ni ya kijiji, ya ukoo, ya hifadhi, na imeandikwa wapi? Tanzania kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Kenya kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na jamii isiyokuwa na karatasi inaingia mezani ikiwa na mkono mmoja. Kisha miaka. Mikataba ya miaka 30 ni ya kawaida, maana yake anayesaini leo anamfunga mjukuu. Atakayekatazwa kuchunga, kukata kuni au kutundika mizinga ni nani, na miezi ipi? Wafugaji wanaopita kiangazi tu wameulizwa?

Kwenye fedha neno la kuvizia ni "faida". Sehemu ya mapato na sehemu ya faida ni vitu viwili, kwa sababu gharama anaziandika mwenye kampuni. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii, na 25 kwa miradi isiyo ya ardhi, lakini someni kanuni zake vizuri, kwa sababu zinaruhusu gharama kutolewa kwanza. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mradi usiojulikana pale uambiwe ukajiandikishe kwanza.

Takeni mkataba wa Kiswahili. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kwa tangazo, muhtasari uandikwe, kina mama na vijana wawepo na waongee. Haya si mapambo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo, Kenya, iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba kwa kukosa ushirikishwaji wa wananchi, na mojawapo ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni. Hati zilikuwa zimeshauzwa miaka kadhaa.

Na anayesema lazima msaini wiki hii, mpeni chai mumsindikize.

Afrika inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kwa nini tujihusishe?

Kwa sababu ya zile fedha za mpakani na za bandarini, na kwa sababu misitu inatafutwa tupende tusipende. Lakini deni la tabianchi, yaani lile ambalo nchi zilizotoa moshi mwingi zinadaiwa na zile zinazoumia, liko palepale. Kijiji cha Katavi kuuza hati ni biashara. Si fidia ya ukame, na nchi tajiri inayohesabu ununuzi huo kama msaada kwetu inakosea.

Hati ikiuzwa nje, nchi yetu inaweza kuihesabu pia kwenye ahadi zake za kupunguza gesijoto?

Kama imeuzwa kwa nchi nyingine chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa tabianchi, hapana. Tani ile inaongezwa kwenye daftari la aliyeuza na kupunguzwa kwenye daftari la aliyenunua, na inahitaji barua ya idhini ya serikali. Kanuni hizo zilipatikana kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa kwenye ule wa Baku mwaka 2024. Uswisi ndiyo iliyotangulia kununua: Ghana ilisaini nayo mwaka 2020, na uhamisho wa kwanza ulifanyika Januari 2024 kutokana na mabasi ya umeme ya Bangkok, Thailand.

Hapa ndipo serikali zetu zinapoweza kukosea kwa miaka mingi bila kujua. Tani za kwanza kupunguzwa huwa ndizo rahisi: majiko, taa, kupanda miti. Tukiziuza zote nje kwa bei ya leo, ahadi zetu wenyewe tutalazimika kuzitimiza kwa tani ngumu zilizobaki, za viwanda na reli, ambazo hugharimu mara kadhaa zaidi. Ni kama kile kiwanda cha kwanza kwenye mfano wetu kingeuza vibali vyake vyote 80,000 kabla ya kubadilisha tanuri. Kabla waziri hajasaini barua ya idhini, mtu wizarani awe ameshaandika tani zipi tunazibakiza, na kwa miaka ipi.